SOMO LA KIKUNDI: Kocha Aliyetoka Benchi

Somo la toleo hili linatoka kwetu Kimumu, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Iten. Tuliombwa tuandike juu ya jambo ambalo kikundi chetu kimejifunza mwaka huu. Tulikaa tukaulizana: tuandike juu ya kuku? Juu ya mikopo midogo midogo? Mwishowe tukakubaliana tuandike juu ya kosa letu wenyewe, kwa sababu tunadhani si sisi peke yetu tunaolifanya. Ni kosa la namna ya kumchagua mtu wa kufundisha wengine.

Mambo yalianza hivi. Vijana walikuja kwenye mkutano wetu wa mwezi wakaomba tuwawekee goli la mpira wa kikapu. Ni lazima tueleze kwanza vijana hao ni akina nani. Kimumu siku hizi ni mchanganyiko. Kuna watoto wa wenyeji, kuna waliotoka pande zote za Kenya wazazi wakifuata kazi, na kuna watoto wa ndugu zetu wa Sudan Kusini waliopanga nyumba upande huu wa Eldoret ili watoto wao wasome. Jioni wote hukutana kwenye kiwanja kimoja. Mpira unawakutanisha, na mpira huo huo unawagombanisha. Wenyeji walilalamika kwamba wageni wanapeana mpira wao kwa wao. Wageni nao walilalamika kwamba wanaitwa tu wakati timu inakaribia kushindwa, basi ati warefu waingie.

Mama mweka hazina aliwauliza, "Sasa vijana wangu, hiyo pesa tukiwapatia, itatuletea nini?"

Mmoja wao akajibu, "Mama, mkitupatia goli na mtu wa kutufundisha, tutaacha kugombana."

Jibu lilitupendeza. Tulitoa pesa. Baadaye tukaja kwenye swali la kocha, na hapo ndipo tulipoteleza.

Walikuwapo wawili. Wa kwanza alikuwa kijana aliyewahi kucheza sana, mwenye medali, ambaye hata watoto wadogo barabarani wanamwita kwa jina. Wa pili alikuwa dada mmoja mwalimu wa nasari. Huyu alikuwa kwenye timu ya chuo chake miaka yote aliyosoma, lakini yeye mwenyewe alituambia wazi kwamba sehemu kubwa ya wakati huo alikuwa mchezaji wa akiba. Mzee mmoja wetu akainua mkono akasema, "Mtu aliyekaa benchi atafundisha watoto nini? Kukaa?" Watu walicheka, hata sisi tunaoandika tulicheka. Tukapiga kura. Dada yetu hakupata kura hata kumi.

Kijana wetu alianza kazi. Tusimseme vibaya, alifika kila siku na kwa wakati. Lakini mtindo wake ulikuwa mmoja: yeye anapiga, mpira unaingia, watoto wanapiga makofi. Mtoto akikosa, anamnyang'anya mpira na kumwonyesha tena yeye mwenyewe. Mwanzoni watoto walikuwa zaidi ya thelathini. Baada ya majuma machache walibaki tisa, na hao tisa ndio waliokuwa wanajua kucheza hata kabla hajaja. Waliobaki nje hawakwenda nyumbani. Walisimama kando ya kiwanja, huku kundi hili na kule kundi lile, wakitazamana. Jioni moja wakarushiana maneno, kisha mawe. Mtoto mmoja alipasuka kichwani akashonwa. Kesho yake wazazi wengine walikuja na jembe wakitaka kung'oa mlingoti.

Tulisema tuupe mlingoti wiki mbili. Katika wiki hizo mbili, kijana mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa familia ya Sudan Kusini, alimfuata yule mzee wa "kukaa" akamwambia kwa heshima, "Mzee, kwani hujui kwamba kocha wa timu yetu ya taifa alikuwa mtu wa benchi?"

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza habari za mtu anayeitwa Royal Ivey.

Kabla ya kuendelea, neno kwa wale ambao hawajui mchezo huu. Timu ina watu 12, lakini walio uwanjani ni 5 tu. Kwa hiyo wakati wowote wengi wa timu wamekaa. Kocha anaweza kumtoa mtu na kumrudisha mara nyingi apendavyo, si kama kandanda. Kwa mashindano ya kimataifa mchezo ni dakika 40. Mchezaji nyota anaweza kucheza dakika 35. Mwingine atacheza dakika 4, na hizo 4 huenda zikawa wakati nyota amechoka au amekosea, na mambo yote yako hatarini. Mtu wa dakika 4 hana nafasi ya kupasha moto polepole. Anaitwa, anavua koti, anaingia.

Ivey alizaliwa New York, Marekani, Desemba 1981, akakulia upande wa Queens. Hakuwa mtoto wa kugombaniwa na vyuo vikubwa. Alipitia shule ya bweni inayoitwa Blair, katika jimbo la New Jersey, na hapo akajuana na kijana mdogo kwake, mrefu, mwenye asili ya Sudan Kusini, jina lake Luol Deng. Mshikeni huyo Deng, tutamrudia. Ivey akaenda Chuo Kikuu cha Texas, ambako alicheza miaka 4. Kazi yake pale haikuwa ya kufunga pointi nyingi. Alikuwa anapewa mpinzani hatari zaidi amzuie. Ni kazi isiyoandikwa kwenye gazeti, maana gazeti linaandika nani amefunga. Haliandiki nani amezuiwa na nani. Mwaka 2003 chuo chake kilifika nne bora za nchi nzima.

Mwaka 2004 timu za ligi kuu ya Marekani, ile NBA, zilipochagua wachezaji wapya, Deng alichaguliwa nambari 7. Ivey alikuwa nambari 37. Tofauti hiyo si ndogo. Nambari 7 anapewa mkataba wa uhakika na timu inamsubiri akomae. Nambari 37 anaweza kuachwa asubuhi moja tu bila maelezo.

Ivey hakuachwa, ila alihamahama. Alicheza Atlanta, Milwaukee, Philadelphia na Oklahoma City, na baadhi ya timu hizo alirudi tena baada ya kuondoka. Karibu miaka 10 aliishi hivyo. Ukigawanya pointi zake zote kwa michezo yake yote, hazifiki 4 kwa mchezo. Ni kama fundi wa mjengo anayebeba mwiko wake kutoka saiti hii hadi ile. Nyumba haziitwi kwa jina lake, lakini kila mkandarasi anajua akimwita ataleta kazi safi. Mwaka 2012 alikuwa kwenye kikosi cha Oklahoma City kilichofika fainali na kushindwa na Miami ya LeBron James.

Sisi wa upande huu wa Iten tunamjua mtu wa namna hii. Ni sungura wa mbio. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alizungukwa kwa zamu na wakimbiaji 41 waliokuwa wakimshikia kasi na kumkinga upepo. Watu 41! Dunia inajua jina moja. Na hapa Kimumu, tukisema ukweli, ziko nyumba zilizoezekwa mabati kwa pesa ya sungura, lakini mtoto akiulizwa anataka kuwa nani hatasema sungura.

Ivey alipomaliza kucheza, mwaka 2014, alianza kufundisha. Hakuanza juu. Alikuwa msaidizi katika timu ndogo ya Oklahoma City, ile ya kuwakomaza vijana, kisha akawa msaidizi katika timu kubwa, baadaye Brooklyn, baadaye Houston. Msaidizi ni mtu anayebaki na mchezaji baada ya mazoezi kumfundisha jambo moja mara mia mbili. Hii nayo haiandikwi gazetini.

Sasa turudi kwa Deng. Alizaliwa Wau mwaka 1985, familia yake ikakimbia vita hadi Misri. Huko ndiko alikokutana na Manute Bol, yule Mdinka mrefu sana aliyetangulia kucheza Marekani, ambaye aliwafundisha watoto wa wakimbizi. Kutoka Misri wakapata hifadhi Uingereza, na akiwa na miaka 14 akaenda Marekani kwa shule. Alikuja kuwa nyota kweli kweli, hasa akiwa Chicago, na mwaka 2012 aliichezea Uingereza kwenye Olimpiki ya London. Nchi yake yenyewe ilikuwa na mwaka mmoja tu, maana Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Kisha Desemba 2013 vita vikaanza tena, safari hii vya wao kwa wao.

Mwaka 2019 Deng alichaguliwa kuongoza shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini. Alikuta nini? Hakuna ukumbi hata mmoja wa ndani wa kuchezea nchini. Viwanja ni vya nje, juani. Wachezaji wametawanyika: wengine Australia, wengine Marekani, wengine Kanada, wengine kambini na mijini hapa Afrika Mashariki. Wengi hawajawahi kuonana. Deng alitoa pesa nyingi mfukoni mwake, na mwanzoni hata kufundisha alifundisha yeye. Alipotaka kocha, angeweza kutafuta jina kubwa. Alimpigia simu Ivey, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya taifa. Hiyo ilikuwa 2021.

Kwa nini alimchagua huyo? Hatukuwapo kwenye simu, kwa hiyo hatuwezi kusema Deng alifikiri nini. Lakini tukitazama kazi yenyewe ilivyokuwa, tunaona ilimfaa. Timu ile hukutana majuma machache tu kwa mwaka. Kocha mwenyewe alikuwa na ajira yake Marekani, wachezaji walikuwa na klabu zao. Hakuna wakati wa kumbembeleza mtu. Anayehitajika ni mtu anayejua namna ya kuingia kwenye kikundi cha watu asiowajua siku ya Jumatatu na kufanya nao kazi siku ya Jumanne. Ivey alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Tena alijua jambo la pili: namna ya kumwambia mtu kwamba wewe kazi yako ni hii ndogo, na mtu huyo akatoka hapo bila kuinamisha kichwa. Ukiambiwa neno hilo na nyota utadhani anakudharau. Ukiambiwa na mtu aliyeifanya kazi hiyo ndogo miaka 10, utamsikiliza walau.

Matunda yake ni haya. Mwaka huo huo wa 2021 Sudan Kusini iliingia kwenye mashindano ya Afrika kule Kigali, na waliokutana nao njiani ni sisi Wakenya. Wengi wenu mtakumbuka, maana Kenya ilikuwa imerudi kwenye mashindano hayo baada ya miaka 28, ikiongozwa na mwanamke, Liz Mills wa Australia. Tulishindwa 60 kwa 58. Vijana wa Sudan Kusini hapa mtaani walituchokoza mwezi mzima. Katika robo fainali wao nao walitolewa na Tunisia.

Februari 2023 wakafuzu Kombe la Dunia. Huko Ufilipino, Agosti mwaka huo, walianza kwa kushindwa na Puerto Rico baada ya dakika za nyongeza. Wakaishinda China 89 kwa 69. Serbia ikawapiga vibaya. Kisha wakawashinda wenyeji wao Ufilipino, na tarehe 2 Septemba wakaishinda Angola 101 kwa 78. Angola, mkumbuke, ndiyo nchi iliyochukua ubingwa wa Afrika mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Kwa ushindi huo Sudan Kusini wakapata tikiti ya Afrika ya kwenda Olimpiki ya Paris 2024.

Kwenye kikosi hicho mlikuwa na watu ambao ni kama wa hapa kwetu. Nuni Omot alizaliwa hapa Kenya, mama yake akiwa mkimbizi. Khaman Maluach, mtoto wa Rumbek, alilelewa Kampala na hakuanza kucheza hadi alipofika umri wa miaka 13 hivi. Akaenda Paris akiwa na miaka 17. Kabla ya safari walipiga kambi Kigali, kwa sababu nyumbani hapakuwa na ukumbi.

Tarehe 20 Julai 2024 walicheza mchezo wa kujipima nguvu na Marekani kule London. Kila mtu alitegemea kichapo. Kufikia mapumziko Sudan Kusini walikuwa wanaongoza kwa pointi 16. Katika sekunde za mwisho walikuwa bado wanaongoza kwa pointi 1, na aliyewavunja moyo ni LeBron James, yule yule aliyemzuia Ivey kupata ubingwa mwaka 2012. Ikaisha 101 kwa 100. Vijana wetu walikuwa wamejazana kwenye duka moja lenye televisheni, na hata wale waliorushiana mawe walikuwa humo humo. Tuliwaona kwa macho yetu. Hatusemi walipatana. Tunasema walikuwa humo.

Siku nane baadaye, mjini Lille, Ufaransa, walisimama kwa wimbo wa taifa kabla ya mchezo wao wa kwanza wa Olimpiki. Ukapigwa wimbo wa Sudan, nchi waliyojitenga nayo. Wachezaji walibaki wamesimama mikono kifuani hadi kosa likasahihishwa. Kisha wakaishinda Puerto Rico, ile ile iliyowashinda mwaka uliotangulia, 90 kwa 79. Michezo miwili iliyofuata, na Marekani na Serbia, walishindwa, wakarudi. Lakini walikuwa wameshinda mchezo wa Olimpiki, nchi ya miaka 13 isiyo na ukumbi.

Tulipofika hapa kwenye mazungumzo ya kikundi, mzee wetu hakukubali upesi. Na tunamshukuru, kwa sababu kikundi ambacho wote wanakubali upesi hakifikirii. Alisema, "Nyinyi mnataka kuniambia kwamba aliyeshindwa kucheza ndiye hufundisha vizuri? Na Patrick Sang je?"

Hoja yake ilikuwa na nguvu. Patrick Sang wa Kaptagat, anayemfundisha Kipchoge na Faith Kipyegon, alikuwa mkimbiaji mkubwa. Alipata medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji katika mashindano ya dunia mwaka 1991, Olimpiki mwaka 1992, na dunia tena mwaka 1993. Mtu huwezi kumwita wa benchi. Lakini mwanamama mmoja wetu akamjibu, "Mzee, hesabu vizuri. Mara tatu wa pili. Huyo alikuwa anamwona wa kwanza mgongoni kila mara." Watu wakacheka, safari hii pamoja na mzee mwenyewe. Na yupo pia Bruda Colm O'Connell, aliyekuja Iten kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia pale St. Patrick's. Hakuwa mkimbiaji. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia, hadi akamlea David Rudisha na wengine wengi.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi: benchi peke yake haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Wako waliokaa benchi miaka mingi wakijaza uchungu tu. Wako nyota wanaofundisha vizuri. Cha kuuliza ni kama mtu huyu, alipokuwa hachezi, alikuwa anatazama nini. Na je, anajua mtoto wa mwisho kwenye mstari anajisikiaje? Sisi tulipopiga kura hatukuuliza hata moja ya hayo. Tuliuliza nani ana medali.

Tulimrudia dada yetu. Haikuwa rahisi, maana tulimcheka mbele ya watu. Mwenyekiti wetu alikwenda nyumbani kwake na wanachama wawili, wakamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nitakuja, lakini yule kaka asifukuzwe." Aliweka masharti mengine mawili. La kwanza, kila mtoto anayefika atacheza, hata kama ni dakika tatu. La pili lilitushangaza: alitaka daftari na kalamu.

Daftari lilikuwa la watu wa benchi. Watoto 5 wakicheza kila upande, wale waliokaa wanapewa kazi ya kuandika. Hawaandiki aliyefunga. Wanaandika aliyetoa pasi iliyomwezesha mwenzake kufunga, na aliyemzuia mpinzani. Sasa ili uandike ni lazima ujue majina. Mtoto wa Kimumu akalazimika kumwuliza mwenzake, "Jina lako linaandikwaje?" na yule wa Sudan Kusini naye akalazimika kuuliza hivyo hivyo majina ya Kikalenjin, ya Kiluhya na ya Kikikuyu. Daftari la kwanza limejaa majina yaliyoandikwa vibaya na kufutwa. Tumeliweka kwenye sanduku la kikundi pamoja na vitabu vya hesabu.

Pia alizichanganya timu. Hakuna timu ya mtaa huu wala ya kabila hili. Kila Jumatatu zinapangwa upya, na ukilia kwamba unataka kubaki na rafiki yako, unajibiwa kwamba Ivey alihamishwa timu mara nyingi kuliko wewe. Watoto wameshika hilo, siku hizi wanalisema wenyewe kwa utani.

Hatutaki mdhani kila kitu kimenyooka. Yule kijana nyota alikaa nasi mwezi mmoja akifundisha kulenga siku za Jumamosi, kisha akaacha. Alisema hawezi kuwa chini ya mtu aliyemzidi kucheza. Tunasikitika, kwa sababu kulenga anakujua kweli, na dada yetu mwenyewe anasema upande huo hamfikii. Wazazi wawili bado hawaruhusu watoto wao kuja. Maneno makali husikika. Mawe hayajarudi.

Kwa vikundi vinavyotaka kuanza, hivi ndivyo vipimo, maana sisi tulikosea mara ya kwanza tukang'oa. Uwanja kamili ni mita 28 kwa 15, lakini nusu yake, mita 14 kwa 15, inatosha kabisa kwa kufundisha na goli ni moja tu. Pete, ambayo vijana huiita ringi, ina upana wa sentimita 45 na inakaa mita 3.05 kutoka chini. Kwa watoto wadogo ishusheni hadi mita 2.60, la sivyo watajifunza kurusha mpira kwa mgongo. Msiusimamishe mlingoti juu ya mstari wa mwisho. Uwe nje ya mstari, na ubao uchomoze ndani ya uwanja mita 1.20, ili mtoto anayekuja mbio asigonge mti. Sisi tuliusimamisha juu ya mstari. Mnaweza kukisia kilichotokea. Mpira wa wavulana wakubwa ni saizi 7, wa wasichana saizi 6, wa watoto saizi 5. Mkiwa na pesa ya mpira mmoja tu, nunueni saizi 6. Udongo wetu mwekundu mvua ikinyesha haudundishi mpira, kwa hiyo mwageni maramu na mshindilie wakati wa kiangazi. Tukifanya tena tungeanza na maramu, kisha goli.

Maswali ya kujadiliana kikundini. Chukueni jioni nzima, na msomeeni somo hili kwa sauti yule asiyesoma:

Mlipomchagua mkufunzi wenu wa mwisho, wa kilimo au wa hesabu au wa vijana, mlimwuliza maswali gani? Nani kati yenu anafanya kazi ambayo haiandikwi kwenye kumbukumbu za mkutano? Akiacha kesho, nini kitasimama kwanza?

Je, mnaye mtu kwenye kikundi ambaye mlimcheka? Nani atakwenda nyumbani kwake, na lini?

Tuandikieni majibu yenu kupitia ofisi ya jarida. Na kama kuna kikundi chenye mpira wa saizi 5 kisichoutumia, sisi wa Kimumu tunauhitaji, wetu ulitobolewa na michongoma wiki jana.